Hajasema Salama

Nyumbani, 4 Februari

Kwa binti yangu Macho,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, goti ni lile lile. Baba yako naye mzima isipokuwa mdomo, ambao haujawahi kuwa mzima tangu nimjue. Nawe u hali gani huko? Unakula? Hiyo nyumba ya wazee inakupa siku ya kupumzika, au utawaogesha na kuwalisha mpaka uzeeke kabla yao? Nijibu swali kwa swali. Usinirushie "sote wazima" kama barua iliyopita.

Hapa habari ni moja tu: vitu vinaanguka. Tangu uondoke, ile meza ya saa ya baba yako pale sebuleni imekuwa balaa. Zamani ulikuwa unaweka shavu sakafuni mara moja tu, "Kile pale, baba." Ndiyo maana akakuita Macho. Sasa macho yameondoka, tumebaki na miwani.

Jumanne ilianguka skrubu ya saa ya mkononi, kitu kidogo kuliko chawa. "Ganda!" Unaijua hiyo sauti. Nikaganda nimeinama na ufagio. Jirani yetu mshonaji alikuwa ndiyo kwanza anavuka kizingiti kuja kuazima pasi, naye akaganda, mguu mmoja ndani mmoja nje, maana keshazoea. Baba yako akapiga magoti na tochi yake na ile sumaku ya kamba, akatambaa weee. Sisi kimya, hata kupumua tunapumua kwa adabu. Mshonaji akaanza kulia kwamba mguu umekufa ganzi. Mwisho baba yako akainuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema "Salama" kwa sauti ya msibani, yaani tutembee tu, hakuipata.

Alhamisi tunakula maharage, nikasikia "kka!" Akatoa kitu mdomoni, akakipeleka kwenye lenzi. "Mke wangu, hii ndiyo ya Jumanne!" Akaifuta kwa shati, akairudisha kwenye saa ya watu. Mwenye saa kaja kuichukua, kaisifu inavyokwenda. Mimi nikatazama dari.

Mshonaji aliniuliza kwa nini namtii hivyo. Hajui kwamba mwaka ule wa kwanza wa ndoa, wewe bado hujawazwa, nilisogea nusu hatua nikakanyaga gurudumu la saa ya mtu. Baba yako hakunigombeza. Alikiokota kile kilichobaki, akakaa siku mbili bila kusema neno. Afadhali angenipigia kelele. Tangu siku hiyo akisema ganda, naganda. Mpaka nisikie salama.

Mengine ni ya kawaida. Saa ukutani sasa zimefika kumi na tisa, zote za kutengenezwa, kila moja na ukweli wake. Ukimuuliza saa ngapi anakuuliza, "Kwa saa ipi?" Analalamika mkono wake wa kulia unalala bila kumuaga. Nimemwambia mkono umemfuata mwenyewe. Juzi alijimwagia chai kifuani kama mtoto, na kibano chake cha miaka thelathini kikamshinda jina. "Nipe ile... ile ya kufinyia." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Uzee huo, mwanangu, unaingia bila hodi.

Ni mimi mama yako, mwenye kuganda kila siku.


Kazini, 17 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na baba mfikishie shikamoo yake. Swali kwa swali: nakula. Jumapili napumzika. Mgongo unauma kidogo kwa kuinua watu. Goti lako limenihuzunisha, lisugue kwa maji ya moto, usilidharau.

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Kwenye maharage matroni alipaliwa, tukampiga mgongoni. Nilipofika kwenye chai kumwagika kifuani wao waliendelea kucheka, mimi nikanyamaza. Nimeisoma tena mara nne peke yangu.

Mama, mkono wa kulia peke yake? Na mdomo, chai ilivuja upande upi? Na hilo la kusahau jina la kibano lilikuwa mara moja tu?

Kuna mzee hapa namwogesha kila asubuhi. Alikuwa dereva wa lori. Mkewe aliniambia ilianza funguo kumponyoka mkononi, wakacheka. Siku nyingine akashindwa kutaja usukani, wakacheka tena. Sasa hawezi kuniambia kama maji yamemuunguza, inabidi nimtazame machoni. Wewe unasema unaingia bila hodi. Kwake kiharusi kilipiga hodi mara mbili, mama, hawakufungua mlango.

Nakuomba ufanye hivi. Mwambie acheke, umtazame mdomo. Mwambie anyanyue mikono yote miwili mbele. Mwambie akusimulie kitu. Kimoja kikienda upande, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kitapita, hata kama atasema amepona. Sikutishi. Naandika hivi kwa sababu naogopa.

Ni mimi binti yako, Macho.


Nyumbani, 1 Machi

Mwanangu,

Salamu sana. Goti nimelisugua, asante.

Barua yako ilinikasirisha kwanza, nisikufiche. Nilisema huyu mtoto anaishi na wagonjwa, sasa kila mtu kwake mgonjwa. Nikaificha ndani ya pipa la unga asiione. Nikakaa siku moja. Siku ya pili nikamfuata mezani.

"Hebu cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, mume wangu, nina hamu na meno yako."

Akaniangalia kama nimepagawa, halafu akacheka. Macho, alicheka upande mmoja. Upande wa pili ulikaa tu, kama haukualikwa. Nilikuwa nimeshika sahani, na kabla sijaiweka mezani mdomo ulikuwa umerudi mahali pake, ananitania kwamba kweli nimezeeka. Mikono ilinyanyuka yote. Wa kulia ulishuka kabla ya mwenzake, kidogo tu. Au labda ni mimi niliyeuona hivyo. Siku hizi namtazama mpaka macho yananidanganya.

Nikamwambia twende hospitali. Unajua alivyo. Kwanza alifanya mzaha, ati watamfungua kifuani wakute skrubu zote anazozitafuta. Nilipoanza kulia akaacha mzaha. Akasema, "Nikienda wataniambia niweke kibano chini. Nikikiweka chini mimi ni nani? Mzee wa kukaa sebuleni kusikiliza kuta." Mwanangu, anaogopa. Sijawahi kumwona baba yako anaogopa, hata ulipozaliwa miguu kwanza.

Ameshika saa ya mwalimu mkuu mstaafu, ya zamani, vipande vyake havipatikani tena duniani. Ameniapia akiimaliza tu anakwenda. Siku kumi. Nimekubali. Nimefanya vyema? Nikimsukuma nahofia atanisukuma na yeye, nikimwacha nahofia kuliko hapo. Nishauri upesi, nitafanya utakalosema.

Mama yako.


TELEGRAMU
9 Machi

MAMA USINGOJE SIKU KUMI. MPELEKE BABA HOSPITALI LEO. SAA YA MWALIMU IKAE. MACHO


Kazini, 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo ni siku ya kumi tangu nipeleke telegramu, na sijapata hata mstari.

Mtu wa posta akija hapa nakimbilia mlangoni, ananionea huruma kabla sijauliza. Nimeomba ruhusa, matroni ananionea huruma pia lakini hawezi kuniachia mpaka mwenzangu arudi kutoka uzazi, tuko wawili tu wa kuogesha wazee ishirini na sita. Jana kijiko kilianguka jikoni, nikaganda. Wenzangu walinipita wakiniuliza nina nini. Nilikuwa nasubiri mtu aseme salama.

Kama ni baya niambie baya. Usianze na goti, usianze na salamu. Niambie kwanza.

Macho.


Nyumbani, 27 Machi

Macho,

Yuko hai. Umesema nianze na hilo.

Kiharusi kimempiga, upande wote wa kulia. Yuko wodini siku ya kumi na nane leo. Anakula uji, anameza vizuri. Hasemi. Ananitazama, anajua ni mimi, anataka kusema, kisha anafunga mdomo na machozi yanamtoka jicho moja.

Nisamehe kwa kimya. Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana. Posta nilifika dirishani mara mbili kutuma telegramu, yule wa dirishani akaniuliza, "Maneno mangapi, mama?" nikageuka nikarudi. Sasa nitakwambia yote, na ukimaliza kusoma unaweza kunichukia.

Ilikuwa ile siku ya tarehe tisa, asubuhi. Alikuwa mezani na saa ya mwalimu. Mimi natoka jikoni na karai la maji, nakwenda kuyamwaga uani. Nimeweka mguu mmoja sebuleni, nikasikia "Ganda!" Nikaganda. Nikamwona anashuka kwenye kiti, anaingia chini ya meza. Kitambaa cha meza kikamfunika, nikabaki naziona nyayo zake tu.

Nikasimama. Mwanangu, nilisimama.

Karai linaniuma mikono, namsema kimoyomoyo, mzee huyu, leo atanikausha hapa. Nyayo zikatikisika kidogo. Nikajua ananyoosha mkono kufikia pembeni. Nikamsikia anakoroma, nikadhani ananung'unika, si ndiyo kawaida yake akikosa kitu? Halafu akatulia. Nikasema moyoni, ah, amekiona.

Mlango ukagongwa, ukafunguka. Alikuwa mtu wa posta, yule mrefu aliyekuwa anakuletea barua zako za shule. Nikamwambia kwa mnong'ono, "Ganda! Kuna kitu kimeanguka." Naye anaijua nyumba yetu. Akaganda pale kizingitini, mguu mmoja hewani, bahasha mkononi. Macho, ilikuwa telegramu yako. Tulisimama wote wawili, mimi na karai, yeye na maneno yako, tunamngoja baba yako.

Yeye kule mlangoni alikuwa anaona chini ya meza kwa upande wa pili. Akasema taratibu, "Mama, mzee ananitazama lakini hanioni."

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Hajasema salama."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Mume wangu amelala chini, mtu ananiambia, na mimi nasema hajasema salama. Yule mtu wa posta akatupa mkoba, akavuka sebule kwa viatu vyake vya posta, anakanyaga kila kitu, akaipindua meza. Ndipo nikaliachia karai. Saa ya mwalimu, skrubu, chupa za mafuta, vyote vikaogelea. Mshonaji akaja mbio, mumewe akaleta pikapu, tukampakia juu ya magodoro.

Hospitali daktari akaniuliza swali moja. "Alianguka saa ngapi?" Alilitaka sana hilo jibu, aliuliza mara mbili. Nyumba yangu ina saa kumi na tisa, mwanangu, na sikuweza kumwambia. Aliposema ganda nilikuwa naitazama ile saa yenye picha ya kuku, ilisema saa tatu na robo. Tulipotoka ile ya mlangoni ilisema saa tano kasoro, na ile ya pembeni yake saa mbili. Nilisimama dakika tano? Nilisimama ishirini? Kila siku naziuliza zile saa, hakuna zinazokubaliana. Labda ni rehema. Sitaki kujua.

Telegramu yako niliifungua kwenye benchi la hospitali. "Leo," umeandika. Na ilikuwa leo, lakini ilikuwa mlangoni.

Huyu ni mama yako. Ukitaka kuniita hivyo bado.


Kazini, 4 Aprili

Mama yangu, mama yangu wa pekee,

Shikamoo. Shikamoo tena. Naona umekaa na jambo hili kifuani peke yako siku kumi na nane, na mimi huku nakulaumu kwa kimya. Nisamehe.

Sasa nisikilize, kisha unichukie wewe ukiweza. Barua yako ya tarehe mosi, ile uliyoniuliza umefanya vyema, ilinifikia tarehe saba. Nilijua mwandiko wako, nikaona bahasha ni nene. Sikuifungua. Niliitia mfuko wa gauni la kazi, nikaogesha wazee nayo, nikala nayo, nikalala nayo, siku mbili. Nilijiambia nikiifungua, ninachokiogopa kitakuwa kweli. Niliifungua asubuhi ya tarehe tisa, nikakimbia posta na aproni. Ningeifungua siku ile ile, telegramu ingefika tarehe saba, na baba angekuwa mezani anakubishia, na wewe ungekuwa unamvuta shati. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Kwa hiyo tumeganda wawili, mama. Wewe dakika usizozijua, mimi siku mbili ninazozijua kabisa.

Na baba ndiye aliyetufundisha, wala hakukosea, alikuwa analinda saa za watu. Usimchukie wala usijichukie. Matroni nimemsimulia kidogo, akasema wengi hukutwa asubuhi kitandani na waliolala nao ubavu kwa ubavu hawakusikia. Umenisikia? Wewe ulikuwa macho, umesimama, unamngoja. Si kwamba ulimwacha.

Mzungumzishe kila siku hata asipojibu. Msugue vidole kimoja kimoja, uvitaje. Mpe kitu mkono wa kushoto, akishike. Yule dereva wangu wa lori juzi alinitukana, tusi zito, zima zima, mara ya kwanza baada ya mwaka, na wodi yote ilimpigia makofi. Maneno yaliyozama yanaweza kurudi, na huwa hayachagui adabu.

Mwenzangu anarudi mwisho wa mwezi. Tarehe kumi Mei niko mlangoni. Lakini kuanzia leo, mama, weka sheria mpya kwenye nyumba hiyo, sema mimi ndiye niliyeiweka: kitu kikianguka, kimbia.

Ni mimi mwanao, Macho wako, wako, wako.


Nyumbani, 2 Mei

Kwa Macho wangu,

Salamu kemkem. Goti limechoka lakini linanibeba. Baba yako alirudi nyumbani wiki mbili zilizopita, anaketi, mguu unaburutika ila unafika. Barua yako sikuificha kwenye unga. Iko kwenye kifua changu, imeanza kulowa jasho, hata maandishi yanafutika. Ile ya siku mbili za mfukoni nimekusamehe kabla hujamaliza sentensi. Yangu uliyonisamehe, bado najifunza kujisamehe.

Nisikilize kilichotokea juzi, na usicheke mpaka nikwambie cheka.

Yule mtu wa posta alikuja, hana barua. Amevua kiatu kimoja, amekishika mkononi. Anasema tangu mwezi wa tatu anasikia kitu kinamkwaruza akitembea, akadhani ni msumari. Alipokwenda kwa fundi viatu, fundi akakichomoa kwenye mpira wa soli: kigurudumu cha saa ya mwalimu. Kizima! Kimezunguka mji mzima kikigawa barua kwa watu wiki saba.

Nikakiweka kwenye kisahani mbele ya baba yako. Akakitazama muda mrefu. Nikampa kibano mkono wa kushoto, akakishika kama mtoto anavyoshika penseli. Tangu kiharusi hakuwa ametoa neno hata moja. Namtajia vidole, namtajia majina ya saa zote, namsimulia umbea wa mshonaji, yeye ananitazama tu. Nikamwacha, nikaenda jikoni kuzima jiko.

Nikasikia "tin" ya kitu kwenye sakafu. Kisha nikasikia:

"Ganda!"

Macho, ilikuwa sauti yake. Imepinda, nene, lakini yake. Mwili wangu uliisikia kabla yangu, mguu ukaanza kuganda kwenye kizingiti, pale pale, mahali pale pale. Nikaona kiti kinayumba, nikaona bega lake linakwenda chini kukifuata kile kitu.

Nikakimbia. Miaka thelathini sijakimbia kwenye sebule hiyo. Nilikimbia na goti langu, nikapiga teke ndoo, nikamfikia nikamkumbatia kwa nyuma na kiti chake, nikambana, namwita jina lake, mzima? uko mzima? Alikuwa mzima. Alikuwa ameinama tu kutazama. Ndipo nikasikia chini ya kandambili yangu "krrr".

Nikanyanyua mguu. Kigurudumu kilichotembea wiki saba kwenye kiatu cha posta, kisichopatikana tena duniani, kimekuwa bati bapa.

Baba yako akakitazama. Akanitazama mimi. Mdomo ukahangaika, upande ule mzima ukauvuta ule mgonjwa, mishipa ikamtoka shingoni, nikadhani linarudi tena lile balaa, nikaanza kupiga kelele za kumwita mshonaji.

"Ume... umeki... Umekikanyaga!"

Na hakukaa siku mbili kimya safari hii. Alinigombeza, mwanangu. Nusu ya maneno sikuyaelewa, mengine hayaandikiki kwa mtoto, alinigombeza mpaka mshonaji akafika na sindano mdomoni akasimama kwenye kizingiti haelewi aingie au atoke. Mimi nimepiga magoti nimemshika miguu, nalia, namwambia ndiyo, mume wangu, nimekikanyaga, sema tena. Naye akasema tena.

Sasa cheka.

Mwalimu mkuu nitamkabili mimi, usijali. Zile saa nimemwomba mtu wa posta azilinganishe zote na redio, sasa zinapiga pamoja, kelele yake usiombe. Kila zikipiga baba yako ananitazama, anakitazama kile kibati alichokihifadhi kwenye kisahani, anatikisa kichwa. Nimemwambia unakuja tarehe kumi. Ameniomba nikuandikie jambo moja, lilimchukua muda kulitoa, nami naliandika lilivyotoka: ukifika, Macho, usivue viatu mlangoni. Ingia tu. Pita popote.

Ni sisi wazazi wako.